Mate ya Kukhu

Wangila alipokuwa akitoka Kitale kwenda Ghana kusomea umisionari wa Wamormoni, alipitia Bungoma kumuaga nyanya yake, Rispah, aliyezoea kumwita Kukhu. Rispah akamwekea chai. Kijana akakataa, maana watu wa kanisa lake hawanywi chai ya majani. Kwa Rispah, anayesukuma kikombe amesukuma nyumba. Basi hakumtemea mate ya baraka kifuani kama wazee wafanyavyo.

Sasa mafunzo yameisha. Wangila akapiga simu ya video, amevaa tai, na mama yake, Pauline, akaishika mbele ya Rispah.

"Kukhu, kesho naenda Liberia, miaka miwili. Siwezi kwenda bila mate yako."

"Na huko ukipewa chai utafanya aje?"

"Nitaomba maji."

"Kwani hapa kwangu maji yalikuwa yameisha?"

Wangila akakuna kichwa. "Niliogopa sura yako, Kukhu."

"Sura hii ni ya zamani. Si ungekuwa umeizoea?"

Rispah akaitazama ile shingo iliyokonda ndani ya kola. Akaona kukaa na hasira miaka hiyo miwili ni mzigo mzito kwa mwanamke wa umri wake.

"Fungua shati," akasema.

Kijana akafungua. Rispah akainama, akatema mate kidogo juu ya kioo cha simu, pale kifua kilipokuwa. "Enda vizuri, urudi vizuri. Na uombe maji."

Pauline akatoa leso apanguse.

"Wacha," Rispah akamwambia. "Yakauke yenyewe."