Nyembamba na Nene

Bwana Kombe alikuwa ameshaamua, na uamuzi wenyewe ulimpendeza hivi kwamba aliutangaza kwa nusu ya klabu ya matanga kabla ya kumwambia mkewe. Mkewe, mkunga, alikuwa amestaafu mwezi ule, na ahadi yao ya siku nyingi ilikuwa kwamba akishatundika aproni watanunua mashua na kusafiri wawili, bandari hadi bandari. Mashua zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa mbili, zimefungwa kwenye gati moja, zinatazamana kama wake wenza.

Ya kwanza waliiita Nyembamba. Iliundwa kwa ajili ya mbio: mlingoti mrefu, kiuno chembamba, na ndani imevuliwa kila kilicho kizito. Kitanda kilikuwa turubai lililowambwa kwenye mabomba, na choo hakikuwa na mlango bali pazia. Ya pili ilikuwa Nene. Nene ilikuwa na oveni, friji, sofa na godoro la kuzama, nayo ilitembea kama mtu aliyeshiba.

Bwana Kombe aliipenda Nyembamba tangu siku ya kwanza, na hapakuwa na wa kumshangaa. Jina lake hakupewa na mama yake, alipewa na kabati la sebuleni lililojaa vikombe vya ushindi. "Lakini mke wangu amekesha na zamu za usiku maisha yake yote," aliwaambia wenzake, kifua mbele. "Namchukulia Nene. Mbio basi." Wenzake walitikisa vichwa kwa heshima, na mmoja akampa mkono kama wanavyopewa wafiwa. Lilikuwa jambo la kiungwana kabisa, ila huyo ambaye mhanga ulitolewa kwa ajili yake hakuwa ameulizwa.

Mkunga alipoambiwa alisema, "Haya," akaendelea kumenya viazi. Asiyemjua angedhani amekubali.

Siku ya kuzijaribu, dalali aliwaacha waende peke yao, maana nani angemtilia shaka Bwana Kombe? Asubuhi walitoka na Nene. Mkunga alikaa kwenye sofa, akanywa chai, akasoma ukurasa uleule mpaka wakarudi.

"Unaionaje?" mumewe aliuliza.

"Chai ilikuwa nzuri."

Mchana Bwana Kombe aliomba waitoe na Nyembamba, mara moja tu, ya kuagana. Mkewe alichungulia lile pazia la choo.

"Najua, mama watoto," alisema haraka. "Ndiyo maana nikasema tuchukue ile nyingine."

"Mimi nimezeekea wodi ya uzazi. Pazia ndilo la kunitisha?"

Nje ya bandari upepo ulikuwa wa kutosha na zaidi. Nyembamba ililala ubavu ikatoka mbio, na Bwana Kombe akasahau umri wake. Akasahau pia mkanda wa kuushikilia mgongo wake mbovu aliouvaa ndani ya shati, ambao aliamini mkewe haujui, kana kwamba nguo zake zilijifua zenyewe. Karibu na ukuta wa mawe wa bandari aliamua kubisha, yaani kuigeuza mashua ili upepo uyashike matanga kwa upande wa pili. Badala ya kumwachia mkewe kamba, aliirukia mwenyewe. Mgongo ukakaza. Akaanguka chali kati ya viti, hawezi kuinuka wala kugeuka, na matanga yakaanza kupigapiga ovyo huku mashua ikisogezwa kwenye mawe.

"Shika usukani," alisema huku ameuma meno.

"Nimeshashika. Wewe pumua. Usijikaze. Taratibu, hivyohivyo."

Ilikuwa sauti ya wodini, na Bwana Kombe alijikuta anapumua kabla hajaamua kutii. "Legeza kamba ya tanga la..."

"Baba watoto, manahodha wengi chombo huenda mrama. Nikikuhitaji nitakuuliza."

Alikasirika, na aliogopa. Pale chini aliona kidevu cha mkewe tu, na mlingoti, na mawingu. Basi akasikiliza. Kupigapiga kukakoma. Kamba ikakazwa, mashua ikageuka bila kigugumizi, na maji yakaanza kuimba chini ya mgongo wake. Sauti ile aliijua. Mashua haiimbi hivyo kwa mtu anayebahatisha. Alingoja akosee. Alingoja sana, mpaka akajishtukia kwamba anangoja, akaona haya.

"Umejifunza wapi?"

"Kile kimashua chetu cha likizo, wewe ukikoroma, nani alikuwa anakiendesha? Halafu kila mbio uliyoshinda umenisimulia mezani mara mbilimbili. Ulidhani nasikiliza redio?" Akavuta kamba kidogo. "Hata ulizoshindwa umenisimulia, ingawa hizo mara moja tu. Maumivu yanazidi?"

"Yametulia."

"Basi twende mbele kidogo ndipo turudi."

Wakaenda. Maji yalimrukia Mkunga usoni naye akacheka, kicheko ambacho mumewe hakukijua, kwa kuwa miaka yote ya mbio yeye alikuwa majini na mkewe amesimama nchi kavu akimpungia mkono. Bwana Kombe alijisikia fahari ambayo hakuna kikombe hata kimoja kabatini kilichowahi kumpa.

Mkunga aliipunguzia mwendo, akaiingiza gatini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Watu wa klabu, waliokuwa wakitazama tangu kule ukutani, wakadaka kamba wakishangilia. Walipomwona mwenzao sakafuni waliingiwa na hofu, na hofu ilipopungua, sifa zikaanza.

"Hata chali anaongoza!"

"Umemwelekeza shemeji vizuri sana, Bwana Kombe."

Jina la maisha yake yote lilikuwa salama. Kilichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Mkunga aliendelea kukunja kamba bila kumtazama; alikwisha ona kina baba wengi wakipongezwa kwa kazi wasiyoifanya.

"Sikumwelekeza kitu," alisema Bwana Kombe. "Nilijaribu, akaninyamazisha. Ile bisha mliyoishangilia, mimi nilikuwa nahesabu mawingu. Ni mke wangu. Na habari za Nene nilijiamulia mwenyewe, sikumuuliza."

Kisha dalali, kwa mazoea, akainama kuzungumza na yule aliyelala.

"Sasa nahodha, tunachukua ipi?"

"Nyembamba," alijibu Mkunga. "Na godoro moja la maana, kwa mgongo wa huyu."

"Godoro litaongeza uzito," alisema Bwana Kombe.

"Utapunguza tumbo."

Gati zima likacheka. Bwana Kombe naye akacheka, ingawa kila kicheko kilimchoma kiunoni. Akamtazama mwanamke yule aliyesimama juu yake, nywele zimelowa chumvi, mkono umerudi kwenye usukani.

"Ndiyo, nahodha," alisema, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mwisho wa gati aliisikia.