Nusu Sigara ya Ngatia

Nyumbani kwa Theuri, mgonjwa wake, Nesi Khavere alikuwa akikata sigara katikati kwa wembe na kuzipanga juu ya gazeti, Ngatia alipopangusa gambuti zake mlangoni na kuingia. Ngatia alizikwa mwaka wa 1995, ng'ambo ya mto, pale shamba la kahawa linapoishia. Alisalimu, akavuta kiti karibu na Theuri.

"Umechelewa," Theuri alimwambia.

"Kuna matope huko."

Theuri aliwasha nusu sigara, akavuta, akampa. Ngatia akavuta, akamrudishia. Ndivyo walivyovuta tangu wakiwa vijana wa kuchuma kahawa. Tangu habari za Theuri zijulikane, hakuna mtu mwingine aliyetaka kugusa kitu kilichotoka mdomoni mwake.

Hospitalini hakukuwa na dawa ya virusi vya Ukimwi ya kumpa Theuri. Kila msimu wa baridi homa ya mapafu ilimrudia, na kitu pekee ambacho Khavere angeweza kumwondolea kifuani kilikuwa moshi. Kwa hivyo alipitia hapo jioni akitoka kazini. Wiki hii ilikuwa ya nusu. Inayofuata ingekuwa ya robo.

"Ngatia, wewe ndiwe unamrudisha nyuma," alisema. "Wacha sigara."

"Ya nini, sista? Kwani itaniua?"

Theuri alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi kikakataa kuisha.

"Basi uwe ukija bila kuvuta."

Ngatia alifikiri. "Bila moshi sitajua njia. Mimi hufuata hiyo harufu."

"Unaona, sista?" Theuri alisema. "Na ni huyu tu hunitembelea."

Khavere aliweka wembe chini. "Na harufu ya chai?"

"Chai naisikia nikiwa mbali. Lakini hakuna mtu hunipa."

Murugi, dadake Theuri, alileta chai. Kikombe cha Theuri kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganywe na vingine. Kililala nje, kwenye kibanda cha kuni. Theuri alipiga funda moja, akampa Ngatia. Ngatia akanywa, akafumba macho.

"Hii nitaifuata," alisema.

Murugi alikuwa bado amesimama mlangoni. "Ati mnakunywa na kikombe kimoja?" Alienda jikoni, akarudi na kingine, uzi mwekundu umeshafungwa. "Hiki ni chako, Ngatia. Msichanganye. Niko na watoto hapa."

Ngatia alishukuru. Alikuwa mtu wa adabu hata kabla ya kufa.

Theuri alimnyoshea Khavere kikombe chake. "Basi wewe, sista. Onja tu."

Kila wiki Khavere aliwafundisha watu, kwa picha zilizobandikwa ukutani, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe.

"Nilikunywa kazini," alisema.

Theuri akaweka kikombe mezani. Alichukua nusu sigara nyingine kutoka kwenye gazeti, akaiwasha, akavuta, akampa Ngatia. Chai ikapoa katika vikombe viwili.

Khavere alikunja gazeti juu ya sigara zilizokuwa bado nzima, akafunga wembe kwenye karatasi yake. Hizo angezikata kesho.