Milango Iliyopanda Thamani Ikiwa Imelala

Bosi alipomleta mkwewe kiwandani kutufundisha programu mpya ya hesabu, tulimbatiza jina kabla hajamaliza kujitambulisha. Kila alichosema kilikuwa na asilimia ndani yake, basi tukamwita Asilimia. Alikuja na viatu vyeupe kwenye kiwanda cha milango, mahali ambapo vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai. Mimi ni mhasibu wa gharama. Kwa miaka tisa, kila mwisho wa mwezi nilizunguka na daftari, nikiangalia milango ambayo haijaisha na kuandika kila mmoja umefikia wapi. Asilimia alilishika daftari langu kwa vidole viwili.

"Kaka, hili lipeleke makumbusho. Programu itajua yenyewe."

Ilijua hivi. Fundi akianza mlango anagusisha kadi kwenye mashine ya ukutani, akimaliza anagusisha tena. Saa zote za katikati zinahesabiwa kuwa jasho lake, na jasho hilo linaongezwa kwenye thamani ya mlango. Akili nyingi kweli, mpaka ufike kwa dada yangu.

Dada ndiye fundi wa vanishi. Ada yangu ya chuo cha uhasibu ilitoka kwenye vidole vyake, ambavyo siku hizi ni vya kahawia hata avisugue vipi. Anapaka mkono wa kwanza, anasubiri, anapiga msasa, anapaka wa pili, anasubiri, kisha wa tatu. Kazi yenyewe ni saa nne. Kukauka ni siku tatu. Na kadi haifungi mpaka apitishe kidole mlangoni kitoke kikavu.

Basi programu ikaamini kuwa dada yangu anafanya kazi siku tatu, usiku na mchana, hali, halali, wala haendi msalani. Mlango mbichi ukawa na thamani mara tatu ya mlango mkavu. Ukikauka na kuingia stoo, ulirudi kwenye gharama yake ya kawaida, na ile ziada yote ikaandikwa kuwa hasara ya idara ya vanishi. Idara hiyo ina mtu mmoja.

Kwenye kikao Asilimia aliweka picha ukutani, nguzo nyekundu imesimama peke yake.

"Idara hii inakula asilimia sitini ya saa zetu. Huyu mama anatega kazi."

Hakuna aliyekwenda kumwangalia huyo mama, na chumba chake kiko hatua arobaini kutoka pale. Bosi aliagiza barua ya kumwachisha kazi iandaliwe, apewe Ijumaa. Nilieleza habari ya kukauka. Asilimia akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kusaidiwa.

"Basi afunge kadi akishapaka. Anashindwa nini?"

Nikamfuata dada nikambembeleza. Alikuwa amepiga magoti, anapiga msasa ukingo wa chini ambao hakuna mnunuzi atakayeinama kuuona.

"Nikifunga nimesema umeisha," alisema. "Umeisha huu? Hebu gusa."

Niligusa, kidole kikanata.

Alhamisi nilikaa kwenye kompyuta, nikafuta saa za kukauka zote, kadi moja baada ya nyingine. Hasara ya vanishi ikayeyuka. Pamoja nayo ikayeyuka theluthi mbili ya thamani ya milango isiyokamilika, na wiki hiyo Bosi alikuwa anawatembeza watu waliotaka kununua hisa za kiwanda. Alinijia mbio, tai imepinda.

"Mali yangu imekwenda wapi? Irudishe!"

Pale ndipo nilipopaswa kusema kwamba mali hiyo haikuwahi kuwepo. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, naapa. Lakini barua ya dada ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi tu.

"Thamani ile inatokana na kadi za dada, Bosi," nikasema. "Akiondoka yeye, nayo inaondoka."

Aliichana barua mbele yangu. Nami nikarudisha saa zote, bila kuacha hata moja, kwa mkono uleule ulioshika daftari miaka tisa. Asilimia, msomi wetu, hakuaibika hata kidogo. Aliibadilisha nguzo nyekundu ikawa ya kijani, akaiita faida ya ukomavu, na wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Ningemcheka, kama nisingekuwa mshirika wake.

Mwisho wa mwezi dada alipewa cheti chenye fremu: Mfanyakazi Aliyeongeza Thamani Kuliko Wote. Alikuja nacho ofisini kwangu, amekishika kwa kitambaa asikichafue. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

"Mdogo wangu, kumbe waliiona milango yangu?"

"Waliiona, dada."

"Na ule wenye jicho la mti katikati? Nililihangaikia sana lile jicho, nusura nilie. Walilipenda?"

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekanyaga chumba kile, na hata mimi niliyefika sikuujua mlango wenye jicho.

"Walisimama hapo muda mrefu," nikasema.

Alicheka peke yake, akakiegemeza cheti kwenye meza yangu nimtunzie, kwa kuwa kwake kuna rangi. Kisha akarudi kazini, kwenda kuangalia kama mlango umekauka.