Likizo ya Mkunga

Mkunga aliacha kazi hospitalini kiangazi kilipoanza. Mkataba wa ughaibuni, wa miaka mitatu, ungeanza kiangazi kikiisha, na mama yake, fundi cherehani, alimwonya: "Likizo hii usiguse kitu. Lala mpaka godoro likufukuze."

Akalala kweli, kama gogo. Uchovu ulipomtoka, alianza kumwona binti yake wa miaka saba. Mtoto alikaa sakafuni kando ya cherehani, akiongea na vifungo: vikubwa walimu, vidogo wanafunzi, na kimoja kilichomeguka mtoro. Bibi yake alimwita Chiriku. Mkunga siku zote alidhani ni utani, maana kwake mtoto huyo alikuwa wa shikamoo na ndiyo tu. Yeye akirudi zamu, nyumba nzima ilinyamazishwa ili alale.

"Huyo mtoro kakosa nini?" mkunga aliuliza.

Mtoto akamtazama bibi kwanza. "Hajakosa. Hapendi tu kuitwa majina asubuhi."

Mkunga alicheka hadi akashika mbavu. Toka hapo wakawa chanda na pete. Mchana wa joto walishusha pazia, wakajilaza mkeka mmoja, mtoto akimwaga habari za tangu chekechea. Siku moja, akimsuka, mkunga aliona kovu nyuma ya sikio.

"Hili la lini?"

"Nilianguka kwenye ngazi. Ulikuwa zamu. Bibi alisema tusikushtue."

Jioni ile alimwendea mama yake. "Mama, nikighairi je?"

Cherehani ikasimama. "Nafasi yako hospitalini ina mtu tayari. Mwaka jana ungesema hivyo, ningepiga vigelegele."

"Mwaka jana nilikuwa simjui mtoto huyu."

"Najua, mwanangu." Bibi akarudi kwenye pindo lake, lakini hakushona.

Asubuhi ya safari, mtoto hakulia. Alisimama mlangoni, kashika mkono wa begi.

"Mama, bora usingepata likizo."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Zamani ukiondoka, nilikuwa naendelea kucheza."

Mkunga alipiga magoti, akamkumbatia. Dereva akapiga honi. Bibi ndiye aliyeufungua mkono wa mtoto, kidole kimoja kimoja, na begi likaingia garini.