Mfuko wa Tatu

Saa nne kasoro asubuhi, fundi wa benki ya damu alipanga mifuko minne ya plazma, yale maji ya manjano ya damu, chini ya taa ya zambarau. Taa ile inaua vijidudu, na tangu ifungwe hakuna mgonjwa aliyeambukizwa homa ya ini. Ila huondoka pia na sehemu ya nguvu ya kugandisha damu. Kwa hiyo mgonjwa anayevuja sana, ambaye zamani mifuko miwili ilimtosha, sasa anahitaji mitatu.

Karatasi ya mwongozo ukutani ilisema miwili. Iliandikwa kabla ya taa, ikapigwa muhuri, na muhuri ukishapigwa, nani ataugusa?

Saa nne kamili wanawake waliokufa kwa kuvuja walikuja kama kawaida yao. Walikaa kwenye benchi la korido na mashuka yao ya wodi, sakafu ikaanza kulowa chini yao.

"Jamani, inueni miguu nipige deki," mfagiaji alisema. Wakainua.

"Mfuko wa tatu umeruhusiwa?" mmoja wao aliuliza.

"Bado, mama," fundi alijibu. Alishaandika barua tano.

Siku hiyo mdogo wake alikuwa leba. Saa saba simu ililia: mtoto salama, mama anavuja. Fundi aliyeyusha mifuko miwili iliyogandishwa, akaipeleka mwenyewe, akarudi mbio kufuata wa tatu. Mkuu wa kitengo alikuwa ameshalifunga jokofu, ufunguo mfukoni.

"Dada, karatasi inasema miwili."

"Ni mdogo wangu, mzee! Tumbo moja!"

"Pole sana. Andika barua, nitaifikisha juu."

Fundi aliandika. Alikosea jina la mdogo wake mara mbili.

Kesho yake saa nne mdogo wake alikuja na wenzake. Benchi lilijaa, akasimama ukutani, shuka limelowa.

"Dada, mtoto kala?"

"Kala. Kwa chupa."

"Na mfuko wa tatu?"

Fundi alilia waziwazi. Mfagiaji alilalamika kwamba sasa watu wanaziba njia. Mkuu alitoka ofisini, akawahesabu, akasikitika kwelikweli, na kabla ya saa sita alikuwa ameshaidhinisha benchi la pili, kwa muhuri.