Seli Iliyonuna

Mlango ulipofungwa nyuma yetu, Mama alipotea. Ilibaki sauti yake tu, nayo imejaa lawama.

"Mwanangu, mmekatiwa umeme?"

"Hapana, Mama," dada alicheka mahali fulani gizani. "Ndiyo kazi yenyewe. Kaa, kiti kiko nyuma yako."

Mama alikuja kumchukua. Shangazi alikwishamtafutia dada nafasi kwenye duka lake la dawa, karibu na dirisha, penye jua na watu wa kuzungumza nao. Huku maabara amekonda hadi akigeuka ubavu hatumwoni hata taa zikiwaka. Mimi nililetwa kubeba mizigo.

Dada alitueleza polepole, kama anayebembeleza. Kwenye kisahani kulikuwa na kipande cha retina ya panya, ule utando wa nyuma ya jicho, kingali hai katika maji ya chumvi vuguvugu. Sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, iligusa seli moja. Akakimulika kwa kimwanga ambacho sisi hatukukiona. Spika, iliyogeuza umeme wa seli kuwa sauti, ikajibu: tak-tak-tak.

"Imekiona."

"Panya wako ana adabu kuliko huyu mdogo wako," Mama alisema. Nikajua ameanza kulainika.

Hapo simu yake ikaita mkobani. Shangazi. Mama akaitoa, chumba kizima kikang'aa, akaikata. Dada akamulika tena. Kimya. Tena. Kimya.

"Nimeiua?"

"Haijafa, Mama. Imeshazoea mwanga mkubwa, mdogo haiujali. Tukiiacha gizani itarudi."

"Imenuna," nikasema.

"Nyamaza wewe!" wakanijibu wote wawili.

Tukangoja. Taa nyekundu iliyofifia, ambayo tulipoingia sikuiona kabisa, ikaanza kutoa vitu gizani kimoja kimoja: ukingo wa meza, miwani, kisha dada mwenyewe, ameinamia kisahani kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye homa akipumua. Mama alikuwa akimtazama. Namna ile ya kutazama niliifahamu. Niliwahi kuugua surua.

"Jaribu," Mama akanong'ona.

Tak.

"Tena, mwanangu."

Tak-tak.

Mkoba ukaanza kutetemeka, mwanga ukachungulia kwenye zipu. Shangazi si mtu wa kukata tamaa. Mama akaukokota haraka, akauweka kitini, akaukalia. Simu ikanguruma chini yake weee, naye ametulia tuli, shingo kaielekeza kwa dada, akisikiliza.