Huyu Amekasirika Tu

Lwitiko alimkuta Recho amefungwa kwenye nguzo ya banda la kahawa. Mnyororo wa ng'ombe ulikuwa umezungushwa mguuni na kutiwa kufuli. Ilikuwa saa nne asubuhi, pale kijijini Ruanda, na watu walikuwa wakipita njiani na majembe yao, wakisalimia kama kawaida. Recho hakumtambua. Alikuwa akiongea harakaharaka na mtu asiyeonekana, midomo imemkauka, na chuma kilikuwa kimeshaanza kumla ngozi ya kifundo.

"Mzee Yonathani," Lwitiko alimwita baba wa binti. "Huyu ni mtu."

Mzee Yonathani alikuwa akigeuza kahawa yake juu ya vitanda vya kukaushia. Hakuacha kazi. "Unanifundisha mimi niliyemzaa? Nimekwenda kituo cha afya mara tatu kufuata sindano yake. Mara tatu naambiwa haipo, njoo mwezi ujao. Wiki iliyopita kaingia barabara kuu, lori likafunga breki mpaka likatoka njiani. Nikimfungua, utakaa wewe hapa umshike?"

Lwitiko alitazama mikono ya mzee ikienda na kurudi juu ya punje za kahawa. Akaaga, akapanda bodaboda kwenda mjini Vwawa. Njia nzima alikuwa akisaga meno. Angemkasirikia vipi mzee, wakati mzee amesema kweli tupu?

Hasira yake ilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ilikuwa na anwani, na mlango wenye kibao kilichoandikwa TUWASEMEE.

Chama hicho cha kuwatetea wagonjwa wa akili, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioanzisha. Zamani Lwitiko alikuwa wakala wa forodha Tunduma, kijana anayeaminiwa kupitisha makaratasi ya malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na kuendelea. Ugonjwa ulimkuta kazini, akiwa na miaka ishirini na minane. Alianza kusikia madereva wakimsema kupitia redio za malori yao, hata redio ikiwa imezimwa. Siku moja akachana hati za mteja katikati ya foleni, akavua viatu, akatembea peku mpaka kijiji cha Mpemba. Mji mzima ukamwita chizi. Aliyemrudisha ni muuguzi wa afya ya akili, Gwantwa, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, aliyemtibu miaka miwili bila kumwita jina hilo hata mara moja.

Alipopata nafuu, yeye na Gwantwa na mama mmoja aitwaye Erica, ambaye mwanawe Ipyana alikuwa na maradhi hayohayo, walianza kukutana kwenye darasa waliloazimwa na kanisa. Walikuwa watu sita. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza nani amekosa dawa, nani amefungwa, nani amefukuzwa kazi, kisha kulipeleka jambo hilo kwa mwenye kuhusika na kukaa pale mpaka ajibu. Baadaye akaja mfadhili. Mfadhili akataka chama kiwe na mtu wa kukiongoza anayeweza kuzungumza na wageni. Ndipo wakampata Watson, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na Kiswahili kilichonyooka. Watson hakuwahi kuugua, wala hakuwa na mgonjwa nyumbani. Wote walimpigia kura, Lwitiko akiwa wa kwanza kuinua mkono.

Sasa Watson alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Inasikitisha, Lwitiko. Kweli inasikitisha. Lakini Alhamisi ni siku yetu. Mgeni rasmi anakuja, na wafadhili wote. Tukianza kulia kwamba dawa hakuna, watasema tumefanya kazi gani miaka mitatu? Tuvuke Alhamisi kwanza."

"Recho atavukaje Alhamisi, mwenyekiti?"

"Usipandishe sauti."

"Sijapandisha."

"Umepandisha. Umelala vizuri jana? Dawa zako unameza?"

Swali hilo Lwitiko alilijua. Kila mtu mwingine akikasirika, huulizwa amekasirishwa na nini. Yeye huulizwa kama amemeza vidonge. Na alikuwa amemeza, tena vidonge alivyoagiza kwa dereva kutoka duka la dawa la Nakonde, kwa sababu vya kituoni navyo vilikuwa vimekwisha.

Watson alimpa karatasi moja iliyochapwa. Ulikuwa ushuhuda wake wa Alhamisi. Ulieleza jinsi alivyokuwa akiokota makopo jalalani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na jinsi Tuwasemee ilivyomwokoa. "Usome hivihivi," Watson alisema. "Usiongeze neno."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wagonjwa na ndugu zao walikuwa wamevalishwa fulana za njano na kuketishwa nyuma, wenye suti mbele. Watson alizungumza dakika arobaini. Alisema huduma sasa zimewafikia watu majumbani mwao, na kwamba walengwa wanafurahi. Mama Erica, aliyekaa kando ya Lwitiko, alinong'ona, "Ipyana wangu hajapata kidonge tangu Machi. Ndiyo furaha hiyo?"

Alipoitwa, Lwitiko alikwenda mbele, akaikunja ile karatasi na kuiweka juu ya meza ya mgeni rasmi.

"Mimi naitwa Lwitiko. Sijawahi kuokota makopo. Nilikuwa wakala wa forodha, nikaugua, nikatibiwa. Nimeambiwa niseme kwamba tuna furaha. Kuna binti anaitwa Recho, ana miaka ishirini na tatu, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sasa hivi tunapozungumza amefungwa mnyororo kwenye banda la kahawa, kwa sababu huu ni mwezi wa tano mfululizo sindano yake haipo kituoni. Baba yake si mkatili. Wakatili tumo humu ndani, tunaopiga makofi."

Mtu wa mbele aliguna. Watson alisimama huku akitabasamu, mikono ameinyoosha kama anayetuliza ng'ombe. "Mabibi na mabwana, mtuwie radhi. Ndugu yetu huyu ni mgonjwa, kama mnavyoona. Inatokea. Ndiyo maana kazi yetu ni muhimu."

"Mimi si mgonjwa leo! Nimesema uongo upi? Taja mmoja!"

Hapo alikuwa amepandisha sauti kweli. Walinzi wawili wa ukumbi walimshika mikono. Hakuwapiga, ila alikataa kutembea, kwa hiyo wakamburuta, visigino vikikwaruza sakafu mbele ya watu mia mbili. Alisikia mtu akicheka. Mwingine akasema, "Maskini, kichaa kimempanda tena." Neno lile maskini ndilo lililomuuma kuliko vidole vya walinzi. Walimpakia kwenye gari la chama, na Watson akapiga simu kituo cha afya: andaeni sindano, tunaleta mgonjwa amecharuka.

Zamu ilikuwa ya Gwantwa. Aliwaambia walinzi wamwachie, akafunga mlango, akaketi mbele ya Lwitiko. Akamuuliza leo ni siku gani, amelala saa ngapi, anasikia sauti, kuna mtu anayemfuata. Lwitiko alijibu yote. Mwishoni Gwantwa akauliza, "Umekasirishwa na nini?"

Lwitiko akamweleza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile fulana ya njano.

Gwantwa akafungua mlango. Watson alikuwa ameshafika, na mama Erica nyuma yake pamoja na wenzake saba waliotoka ukumbini bila kuaga.

"Umeshamchoma?" Watson aliuliza.

"Huyu hana dalili hata moja. Huyu amekasirika tu."

"Nesi, amefanya fujo mbele ya mgeni rasmi."

"Kukasirika si ugonjwa, mwenyekiti, hakuna sindano yake. Na hata ningetaka kumchoma ningemchoma nini? Si ndiyo hiyohiyo aliyowaambia haipo?" Aliandika kwenye faili, akasaini, akamsomea kwa sauti alichoandika. Kisha akaenda kabatini, akarudi na taarifa yenye nembo ya Tuwasemee. "Nimelalamika humu ndani mara mbili kwamba dawa za akili haziagizwi. Nikaoneshwa hii. Soma mwenyewe, Lwitiko."

Lwitiko akasoma. Ilisema hali za wagonjwa zimeimarika, mahitaji ya dawa yamepungua, na kwa miezi sita chama hakijapokea lalamiko lolote. Chini ilikuwa saini ya Watson. Kwa taarifa hiyo, kituo kiliziondoa dawa hizo kwenye oda.

Lwitiko alisoma mara ya pili, polepole. Barua za malalamiko alikuwa ameziandika kwa mkono wake, kumi na moja, nyingine akiwa ameegemea mgongo wa pikipiki. Alizikabidhi zote ofisini, moja baada ya nyingine, akiambiwa asante, tunalifanyia kazi.

"Ziko wapi barua zangu?"

Watson aliwatazama wale waliosimama mlangoni, akashusha sauti. "Nilikuwa nakilinda chama. Wafadhili hawapendi matatizo. Wangeondoka, mngebaki na nini?"

"Tungebaki na dawa!" Mama Erica alipiga kelele, na yeye hakuna aliyemuuliza kama amemeza chochote. "Mwanangu amenivunja mkono mwezi wa sita, Watson! Mwanangu mpole, alinivunja mkono hajui anachofanya, nami nikakuletea barua kwa mkono huu mwingine!"

Lwitiko alikuwa amesogea mpaka akahisi pumzi ya Watson. Alitaka kumpiga. Baadaye alikiri kwa Gwantwa kwamba alitaka sana, na kwamba kilichomzuia ni kujua jinsi watu wangeisimulia ngumi hiyo. Mtu mwingine angepiga, akaitwa mkorofi, yakaisha. Alirudi nyuma hatua moja, akasema, "Ulichaguliwa utusemee. Ukatuziba."

Kumwondoa Watson hakukuwezekana. Walipoitisha mkutano, aliwatolea katiba ya chama, ambayo mwaka uliopita alikuwa ameirekebisha: mwenye kura ni mwanachama mwenye akili timamu, kwa uamuzi wa mwenyekiti. Wakamwachia jina, kibao na fulana. Walirudi kwenye darasa la kanisa, sasa wakiwa ishirini na wawili, wakaandika barua moja kwa mkuu wa kituo. Kila mmoja aliandika jina lake, dawa yake na tarehe aliyoikosa mara ya mwisho. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Kisha wakaenda kuketi kwenye mabenchi ya kituo kila siku tangu saa mbili, kimya, wakipeana zamu kama wafanyakazi. Siku ya nne mkuu wa kituo aliwaita ofisini. Aliikuta barua haina lugha ya kubembeleza, akasema ni ya kihuni. Lwitiko akamjibu kwamba ndivyo walivyo, wahuni wenye kadi za kliniki. Oda ikatumwa. Dawa zilifika baada ya siku kumi na saba, pungufu, lakini zilifika.

Sanduku lilipofunguliwa tu, Lwitiko na Gwantwa walikwenda Ruanda. Mzee Yonathani alimshika binti yake kichwa wakati anachomwa, akimsemesha kwa Kinyiha, sauti ya chini ambayo Lwitiko hakuitegemea kwa mzee yule. Kufuli hakulifungua siku hiyo. Alilifungua baada ya wiki mbili, Recho alipomwita kwa mara ya kwanza, "Baba."

Lwitiko aliporudi mwezi uliofuata, Recho alikuwa ameketi kizingitini, amevaa gauni safi, kifundo kimefungwa bandeji. Hakutabasamu.

"Naambiwa ulikuja," Recho alisema. "Siku nimefungwa. Ulikuja, ukaniona, ukaondoka."

"Nilikwenda kutafuta..."

"Ukaondoka. Chama kizima mnanijua jina. Nilikuwa naimba kwenye mikutano yenu. Miezi mitano, Lwitiko. Mnatangaza mnatusemea, hakuna aliyekuja hata kunipa maji!"

Mzee Yonathani alitoka ndani, akamtazama binti yake kwa wasiwasi. "Recho mwanangu, tulia. Umemeza dawa?"

Lwitiko akageuka. "Mzee, mwache. Ana haki yote."

Akajikalia chini, palepale kwenye vumbi, akamwacha Recho amalize. Hakujitetea. Maneno yalimwingia moja moja na yote yalikuwa ya kweli, na ilimbidi akubali kwamba yeye pia alikuwa mmoja wa wale waliopita njiani asubuhi ile. Recho alimsema yeye, akawasema wa kituoni, akamsema Watson. Kisha akamgeukia baba yake, akamwonesha ule mguu, na mzee akaangalia pembeni.

Aliponyamaza, alikuwa akihema. "Hiyo barua yenu mnayopeleka," aliuliza, "mnaandika nyingine lini?"

"Jumanne. Nitakuandikia ya kwako, niambie tu unataka..."

"Nani kakwambia sijui kuandika?" Recho alinyoosha mkono. Dawa ilikuwa ikiutetemesha. "Nipe kalamu."